Kubana matumizi, kustaafu na kusafiri: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali, na tunaishi Kimara, Dar es Salaam, pamoja na watoto watatu na mama mkwe. Mwalimu amebakiza miaka tisa kufika 60. Tangu tuanze kujipanga kwa ajili ya siku hiyo, wateja wangu, majirani na walimu wenzake wamekuwa wakiniuliza mambo yale yale, nami nikiwa na nguo mezani siwezi kueleza yote. Nimeyaandika hapa. Hesabu zote ni za shilingi za Tanzania.

Mshahara wetu unaisha tarehe 15. Tutabana nini tena?

Kabla ya kubana chochote, andika. Nunua kaunta buku, iweke juu ya friji pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila anayetoka na pesa aandike akirudi. Fanya hivyo mwezi mzima bila kumgombeza mtu, kwa sababu ukianza kugomba wataanza kuficha.

Sisi mwezi wa kwanza tulikaa kwenye mkeka tukajumlisha. Chakula hakikutushtua. Kilichotushtua ni bodaboda, 46,000, nyingi zikiwa za kutoka stendi hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi na mbili. Bando na vocha zilikula 38,000. Halafu kukawa na mstari ambao hakuna aliyewahi kuufikiria: makato ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu, 14,000. Nilikuwa natoa elfu kumi leo, elfu tano kesho, na kila nikitoa nakatwa. Siku hizi natoa mara moja kwa wiki, Jumamosi, pesa ya sokoni yote kwa pamoja.

Ukijumlisha hizo tatu unapata 98,000, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshiba kwa sababu yake. Hapo ndipo akiba yetu ilipoanzia.

Watoto hawanung'uniki?

Walinung'unika. Kilichosaidia ni kuwaonyesha daftari. Kifungua mimba wetu yuko kidato cha pili, hesabu anazijua, na siku hizi ndiye anayejumlisha. Mtoto akiambiwa "hatuna" kila siku anaingiwa na woga. Akionyeshwa kwamba pesa ya soda ya mwezi ni nauli yake ya treni, anaamua mwenyewe, na mara nyingine anaamua soda. Namwacha.

Jikoni mnafanyaje?

Hapa nina mengi, maana ndipo familia nyingi zinapolipa mara mbili bila kujua.

Anayenunua mkaa kwa kopo, unga kwa kilo na mafuta kwa kipimo cha dukani ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote mtaani, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Njia ya kutoka ni kukusanya hadi upate kununua kitu kimoja kwa wingi, kisha kingine. Usijaribu vyote mwezi mmoja. Sisi tulianza na mahindi. Mwezi wa saba na wa nane, mavuno yakiwa yameingia, bei hushuka. Mwaka ule tulichangishana familia tatu tukaagiza kwa mtu anayekwenda soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma. Magunia yetu mawili tukayahamishia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani. Ukiifunga vizuri hewa haiingii, dumuzi wanakufa, na huhitaji kuweka dawa kwenye chakula cha watoto. Kosa ni kusaga gunia zima kwa mara moja. Dona ikikaa inakuwa chungu, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta. Tunasaga debe moja moja.

Maharage nayaloweka tangu usiku, asubuhi namwaga maji yale nayachemsha kwenye sufuria ya presha. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ambao zamani ulikuwa unatupeleka wiki tano sasa unafika wiki saba na zaidi. Chai inapikwa mara moja, inaingia kwenye chupa.

Si kila kitu kinafaa kununua kwa jumla. Sukari nilinunua mfuko mzima, na ikaliwa kama mchanga: watoto walipoiona imejaa waliongeza vijiko. Sasa nanunua kilo mbili mbili. Nyama tunakula Jumapili na sikukuu. Katikati ya wiki ni dagaa, maharage, mayai na mboga za majani, na afya ya mama mkwe, mwenye presha, imekuwa nzuri kuliko zamani.

Na umeme?

Angalia uko kundi gani. Nyumba ya matumizi madogo, ile D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo uniti inapanda hadi 350. Kwa hiyo uniti ya 76 ni ghali zaidi ya mara tatu kuliko ya 75, na watu wengi wanavuka kwa ajili ya pasi na hita ya maji tu. Sisi tunapiga pasi Jumapili jioni, nguo zote za wiki, na maji ya mama mkwe ya kuoga yanachemshwa kwa gesi. Mashine yangu ya kushonea ina mita yake kwenye fremu.

Michango ya harusi inatumaliza. Mnakataaje?

Hatukatai. Tumeweka kiwango cha mwaka. Kila Januari tunaandika kiasi chote tutakachotoa kwa harusi, send-off, kipaimara na maulidi, na kikifika tumefika. Kadi ikija tunajibu mapema, siku ile ile, kwa kiasi tunachoweza, na tunalipa papo hapo. Nimegundua kwamba kinachowaudhi wanakamati ni kuahidi laki moja na kukimbia simu zao miezi miwili. Elfu ishirini ya mapema inapokelewa kwa shukrani, na mimi huongeza mkono wangu: nashona sare za wasaidizi kwa bei ya kitambaa na uzi.

Msiba hauna kiwango. Msibani tunakwenda, tunachangia, tunalala. Na pesa ya wazazi kijijini inatoka siku ya mshahara, kabla ya kitu kingine. Nimesoma ushauri wa watu wanaosema ujilipe wewe kwanza. Kwangu mzazi ni sehemu ya huo "wewe". Hata hivyo tumekubaliana na ndugu wote kiasi cha kila mmoja, ili wa Dar asionekane ndiye mwenye benki.

Watoto wanasoma shule gani? Ada ndiyo inayotushinda.

Za serikali. Tulikuwa na mmoja kwenye shule ya Kiingereza ya kulipia, tukamtoa akiwa darasa la tano. Nililia, sisemi uongo. Lakini tulikuwa tunakopa kila muhula, na mkopo wa ada ya mtoto mmoja ulikuwa unawanyima wawili waliobaki vitabu. Elimu bila ada ilianza 2016 kwa msingi hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 kidato cha tano na sita nao wameondolewa ada. Bado kuna sare, madaftari, chakula na michango ya hapa na pale, kwa hiyo usidhani ni bure kabisa. Tofauti ya ada tunaigawa: sehemu inalipia masomo ya ziada ya Kiingereza na hisabati mwezi wa likizo, na inayobaki inakwenda kwenye akiba.

Kama wewe ada unaimudu bila mkopo, endelea. Ninachopinga ni kumsomesha mtoto kwa pesa ya uzee wako, kisha umgeukie akulee akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi.

Hiki kikokotoo kinafanyaje kazi? Mume wangu atapata nini hasa?

Kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Historia kwa ufupi: 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaweka mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu akistaafu, kuwa 25%. Watumishi walilalamika sana, na Desemba mwaka ule Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 ikaja kanuni ya 33% kwa wote. Mwaka 2024 serikali ikapandisha: waliokuwa kwenye mifuko iliyolipa 50% zamani wakawekwa 40%, na waliokuwa 25% wakawekwa 35%.

Sasa kalamu na karatasi. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Tuseme ni milioni 12, yaani milioni moja kwa mwezi. Zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Aliyechangia miaka 30 ana miezi 360, kwa hiyo 12,000,000 × 360 ÷ 580 = 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni nzima ya mwaka kabla haijagawanywa. Chukua 40% yake, zidisha kwa 12.5, unapata mkupuo wa 37,241,379. Asilimia 60 iliyobaki ukiigawa kwa miezi 12 ni 372,414 kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Kwa mtu wa 35%, mkupuo ni 32,586,207 na pensheni ni 403,448.

Itazame ile 372,414 kwa makini. Mtu aliyezoea milioni anaamka mwezi unaofuata na chini ya laki nne. Mkupuo ndio unaoficha pengo hilo kwa mwaka mmoja au miwili.

Jambo la kufanya leo: omba taarifa ya michango yako. Pensheni inataka angalau miezi 180 ya michango, na kila mwezi uliopotea unapunguza hesabu. Mwalimu alianza kazi shule ya binafsi. Tulipofuatilia tulikuta miezi 14 alikatwa kwenye mshahara na pesa haikupelekwa kwenye mfuko. Karatasi zake za mshahara zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ndizo zilizotusaidia kudai. Usitupe karatasi ya mshahara hata moja.

Mimi sina mwajiri. Kustaafu kunanihusu?

Mimi pia sina. Macho ya fundi yanastaafu kabla ya mikono. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wanapokea wanachama wa hiari waliojiajiri, mama lishe, bodaboda na mafundi, na unachangia mwenyewe kwa simu. Nimejiunga. Naichukua kama kodi ya fremu: ikifika tarehe, inalipwa.

Kiinua mgongo kikitoka si ndiyo tujenge?

Hapa ndipo ninapowasihi watu, na nikipaza sauti mnisamehe.

Usijenge kwa kiinua mgongo, yaani ule mkupuo. Nimeona walimu wanne waliostaafu mtaani kwetu. Watatu walichukua mkupuo wote wakaanza msingi. Wawili wamebaki na boma lisilo na paa, na pesa ya kununulia bati hawana, kwa sababu mfuko wa saruji hausubiri pensheni. Nyumba ijengwe sasa, pole pole, mshahara ukiwa bado unaingia: mwaka huu kiwanja chenye hati, mwakani matofali, mwaka unaofuata msingi. Sisi tulihamia kwenye vyumba viwili visivyo na dari, sakafu ikiwa ya zege tupu, ili tusilipe kodi. Dari tuliweka baada ya miaka mitatu.

Na usianzishe biashara usiyoijua siku umestaafu. Kama unataka kufuga kuku, fuga hamsini sasa, wafe kumi na tano, ujue sababu, ukiwa bado na mshahara wa kuzika hasara.

Mkupuo wetu tumeupangia kazi moja, kuzaa pesa ya kila mwezi. Katika ule mfano wa milioni 37, mtu akiweka milioni 30 kwenye hatifungani ya serikali (yaani anaikopesha serikali) ya riba ya 12% kwa mwaka, anapata 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Ukiongeza pensheni unafika 672,414. Kwa nyumba isiyolipa kodi, iliyozoea kula kama sisi, hiyo inatosha na safari juu.

Akiba mnaweka wapi? Kikoba kinatosha?

Kikoba nakipenda, kimenikopesha mashine yangu ya kudarizi. Lakini kikoba ni cha mwaka: mnavunja Desemba, pesa inaliwa Krismasi. Uzee unataka pesa inayokaa.

Tuna sehemu tatu. Pesa ya dharura iko kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa sababu naweza kuitoa ndani ya siku chache na haiko kwenye simu inayonishawishi usiku. Pesa ya miaka mingi iko kwenye vipande, yaani sehemu unazonunua, vya mfuko wao wa Umoja, ambao upo tangu 2005. Thamani ya kipande hupanda na wakati mwingine hushuka, kwa hiyo usiweke humo ada ya mwezi ujao. Ya tatu ni hatifungani zenyewe, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Zinaanzia milioni moja, zipo za miaka miwili hadi 25, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Unafungua akaunti ya dhamana kupitia benki yako au dalali. Riba iliyoandikwa siku ya kununua haibadiliki, nalo hilo lina uzito wake: bei za vitu zitapanda, riba itabaki pale pale. Ndiyo maana hatuweki kila kitu humo.

Nimeambiwa kuna mahali wanazalisha pesa mara mbili kwa miezi mitatu.

Kimbia. Walioshuhudia upatu wa DECI mwaka 2009 wanajua watu "walivyopanda mbegu" na wakakosa mavuno. Siku hizi inakuja kwa kundi la WhatsApp. Vilevile, mtu akikupigia akisema ulipe kidogo ili faili la mafao lisogee, kata simu. Mafao hayalipiwi. Mikopo ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba kubwa, naiweka kundi hilo hilo, hata kama ina ofisi na kibao.

Kama mnabana hivi, safari za nini? Si anasa?

Mama mkwe ana miaka 78. Alikuwa akisema akimaliza kulea atakwenda kuona Ziwa Tanganyika, alikozaliwa mama yake. Amemaliza kulea, magoti yamekataa. Namwona anavyoangalia ramani ya mwanangu ukutani. Ndiyo sababu safari ina bahasha yake, ya kaki, imeandikwa SAFARI kwa kalamu nyekundu, na hairuhusiwi kukopesha bahasha nyingine.

Tunafanya ndogo sasa na tunaweka kubwa mbele. Mwaka jana tulikwenda Morogoro kwa SGR, treni ya umeme. Treni ya kawaida ni 13,000 kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Wanne kwa bei kamili na mdogo kwa 6,500 ni 58,500 kwenda, 117,000 kwenda na kurudi. Tulibeba pilau kwenye hotpoti, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukapanda hadi mtoni kwenye milima ya Uluguru, watoto wakachezea maji ya baridi mpaka midomo ikabadilika rangi. Dodoma ni 31,000. Bagamoyo unakwenda na kurudi siku moja, na magofu ya Kaole yanatosha kumfundisha mtoto historia kuliko kitabu.

Hifadhi za taifa watu wanadhani ni za Wazungu. Raia analipa kiingilio kwa shilingi, elfu chache tu, wakati mgeni analipa makumi ya dola. Beba kitambulisho cha NIDA. Gharama kubwa ni gari, kwa hiyo jiungeni familia mbili tatu. Mikumi inafaa kuanzia: barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake, na wanangu waliona twiga kutoka dirisha la basi kabla hatujalipa chochote.

Kusafiri nje kunahitaji nini?

Pasipoti ni 150,000 na inadumu miaka kumi, hivyo usikate mapema ikaisha kabla hujaitumia. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia Mtanzania haombi viza. Kwa wanaolenga Hija au Umra, ulizeni taasisi zinazopokea malipo kwa awamu, na mdai risiti kwa kila awamu.

Mwenzangu hataki kusikia habari za kubana.

Anza na ndoto yake, daftari litafuata. Mwalimu naye hakutaka. Nilipomwuliza angependa kuamkia wapi siku ya kwanza bila kengele ya shule, alinyamaza, kisha akasema, "Kwenye treni." Wiki ile ile alianza kutembea kutoka stendi.

Treni ya kwenda wapi?

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ile iliyokabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Inapita porini, wanyama unawaona ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Kutoka Kapiri tutachukua basi hadi Lusaka, kisha Livingstone, tukaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Tunaweka 50,000 kila mwezi. Kwa miezi 108 iliyobaki ni 5,400,000 hata bila riba, na pesa ikizidi laki tano kwenye bahasha naihamishia kwenye vipande. Mwezi uliopita ilikuwa 412,000. Mama mkwe amesikia, amesema magoti yake yatavumilia kukaa, na ameomba ashukie Makambako, kwa dada yake, sisi tumpitie tukirudi. Tumeamua yeye hatasubiri miaka tisa. Tiketi yake na ya mwalimu zinatoka kwenye bahasha likizo ya Desemba.